Mabwawa ya Muda: Kisa cha Mto Athabasca na Tope Lililogoma Kutulia

Wiki hii ndugu zangu wawili wameniandikia wakiuliza swali lile lile: huko Alberta si ndiko kwenye mafuta, sasa wewe unang'ang'ania vitabu vya nini, si uende Fort McMurray ukachume? Najua wanachosema. Wabeba boksi wengi wa hapa mjini wamepanda kaskazini, na wapo waliorudi na gari, na kiwanja nyumbani kimeshalipiwa. Siwalaumu hata kidogo. Ila mimi nasoma historia, na muhula huu nimezama kwenye historia ya mazingira. Kwa hiyo badala ya kuwajibu habari ya mshahara, nitawajibu habari ya maji. Kaeni mkao wa kusoma, maana ni ndefu kidogo.

Hoja yangu ni hii. Huko kaskazini kuna mabwawa ya topesumu ambayo yalichimbwa kwa ahadi kwamba ni ya muda tu. Zaidi ya miaka 50 imepita na mengi bado yapo. Hayakubaki kwa bahati mbaya. Yalibaki kwa sababu dawa ile ile iliyowezesha mafuta kutoka ndiyo iliyofanya maji yasisafike. Na ilichukua miongo minne kulijua hilo vizuri, kwa sababu aliyekuwa ameshika kipimo ndiye aliyekuwa anapimwa.

Kwanza tuwekane sawa kwenye ramani. Mto Athabasca unaanzia kwenye barafu ya Milima ya Rocky, unalikata jimbo la Alberta kuelekea kaskazini-mashariki, unapita Fort McMurray, halafu unashika njia ya kaskazini mpaka Ziwa Athabasca. Unapokaribia ziwa unatengeneza delta kubwa pamoja na Mto Peace, makazi ya ndege wengi sana wanaohama. Pembeni ya ziwa hilo kuna kijiji cha Fort Chipewyan, kama kilomita 220 kaskazini mwa Fort McMurray. Wakazi wake wengi ni wenyeji wa asili: Wacree, Wadene na Wamétis. Barabara ya mwaka mzima haipo. Unafika kwa ndege, kwa boti wakati wa kiangazi, au kwa gari juu ya barabara ya barafu wakati wa baridi. Vizazi na vizazi vya watu wale vimeishi kwa samaki wa ziwa, bata na wanyama wa msituni. Kwa hiyo shikeni jambo moja: mto unateremka kwenda kaskazini. Chochote kinachoingia majini pale Fort McMurray, safari yake ni kwenda kwao.

Sasa mafuta yenyewe. Msifikirie kisima kinachoruka juu kama kwenye sinema. Huu ni mchanga uliolowa lami. Kwenye kingo za mto, jua likiwaka, lami inachuruzika yenyewe. Wenyeji waliijua tangu enzi za mababu. Waliichanganya na utomvu wa miti wakazibia nyufa za mitumbwi yao. Mwaka 1719 Mcree mmoja aliyeitwa Wa-Pa-Su alipeleka sampuli ya mchanga huo kwa wafanyabiashara wa kampuni ya Hudson's Bay pale York Factory. Mwishoni mwa karne hiyo mpelelezi Alexander Mackenzie naye akaandika habari zake. Hivyo hakuna Mzungu "aliyegundua" kitu hapo, alionyeshwa tu. Na mliweke akilini jambo hili la lami kuchuruzika yenyewe mtoni, maana litakuja kutumika kama kinga ya makampuni baadaye.

Tatizo lilikuwa ni jinsi ya kuitoa lami kwenye mchanga. Lami ni kama asilimia 10 hadi 12 tu ya uzito. Kilichobaki ni mchanga, udongo wa mfinyanzi na maji. Ili upate pipa moja la mafuta unahitaji kuchimba kama tani mbili za mchanga. Na aliyepata jibu alikuwa mtu wa kampasi hii hii ninayoandikia. Karl Clark, mkemia, alianza majaribio yake miaka ya 1920, na mwaka 1923 aliweka mtambo mdogo kwenye chumba cha chini cha jengo la mitambo ya umeme ya Chuo Kikuu cha Alberta. Njia yake ilikuwa maji ya moto, kukoroga kwa nguvu, na kostiki soda. Lami ikajitenga, ikapanda juu kama povu, mchanga ukazama. Mwaka 1929 akapewa hataza.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo kisa chote kilipo. Kina mama wetu wa vikundi wanaotengeneza sabuni watalielewa hili haraka kuliko maprofesa. Ukichukua kostiki ukaikutanisha na mafuta ya mawese au ya nazi, unapata sabuni. Basi na ndani ya lami ile kuna asidi zake za asili, zinaitwa asidi za nafteniki. Kostiki ikikutana nazo, inatengenezeka aina ya sabuni. Sabuni hiyo ndiyo inayosaidia kuiachanisha lami na chembe za mchanga, kama inavyotoa grisi kwenye sufuria. Safi kabisa, mafuta yametoka.

Lakini sabuni haijaenda popote. Imebaki kwenye maji. Na kostiki imefanya kazi nyingine ambayo haikuombwa: imezitawanya chembe ndogo ndogo za mfinyanzi. Zinasukumana, hazishikani, na chembe zisizoshikana haziwi nzito za kuzama. Zinaelea tu. Kwa hiyo kitu kimoja, kostiki, kimefanya mambo matatu kwa mpigo: kimetoa mafuta, kimetia sabuni kwenye maji, na kimeligomesha tope lisitulie. La kwanza likaingia kwenye hesabu za faida. Mawili yaliyobaki yakaenda bwawani.

Tarehe 30 Septemba 1967 mgodi wa kwanza mkubwa ukafunguliwa rasmi kaskazini mwa Fort McMurray: Great Canadian Oil Sands, uliobuniwa kutoa mapipa 45,000 kwa siku. Pesa ilitoka kwa kampuni ya Marekani, Sun Oil, chini ya mzee J. Howard Pew. (Kampuni hiyo ya Kanada baadaye, mwaka 1979, ikawa Suncor.) Clark mwenyewe hakuiona siku hiyo, alifariki Desemba 1966. Bwawa la kwanza walilijenga kwenye kingo za Mto Athabasca kabisa, mahali panapoitwa Tar Island. Mpango ulikuwa rahisi: mchanga utazama, mfinyanzi nao utazama polepole, maji yatabaki masafi juu, na mambo yataendelea. Ukuta wa bwawa ulikusudiwa kuwa na urefu wa kama mita 12 tu.

Kasheshe likaanza mara moja. Mchanga ulizama kweli. Mfinyanzi ukagoma. Baada ya miaka michache ulijikusanya mpaka ukafikia uzito wa mtindi, kama asilimia 30 yabisi na iliyobaki maji, halafu ukasimama hapo. Haukauki, hautulii, hauwezi kukanyagika. Ukiuacha wenyewe unaweza kukaa hivyo miongo na miongo. Na mgodi nao hausimami kusubiri, kila siku unaleta tope jipya. Dawa pekee ikawa kuinua ukuta. Wakainua, wakainua tena. Ule ukuta wa mita 12 ukaishia kwenye karibu mita 90, pembeni ya mto. Jamani, hilo si bwawa la muda tena.

Mwaka 1978 Syncrude nao wakafungua mgodi wao, na bwawa lao la Mildred Lake likaja kuhesabiwa miongoni mwa mabwawa yenye kuta kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo wa vifaa vilivyotumika. Wengine wakafuata, hasa baada ya mwaka 2000 bei ya mafuta ilipopanda. Katika miaka hii ya 2020 tope la majimaji peke yake limepita mita za ujazo bilioni 1.3. Kwa lita hiyo ni zaidi ya trilioni moja. Ukijumlisha mabwawa na kuta zake, eneo linazidi kilomita za mraba 200, yaani kama nusu ya kisiwa kizima cha Mafia kimekuwa tope.

Sasa kuna nini humo? Maana mtu anaweza kusema tope ni tope tu. Zipo zile asidi za nafteniki, yaani sabuni yetu. Kwenye maji ya mabwawa zinakuwa makumi ya miligramu kwa lita moja, wakati kwenye maji ya kawaida ya mto huwa chini ya miligramu moja. Wanasayansi wa Syncrude wenyewe waliandika miaka ya 1980 kwamba hizo ndizo chanzo kikuu cha sumu kwa samaki kwenye maji hayo. Ipo chumvi: sodiamu, kloridi, salfeti. Ipo amonia. Zipo kemikali za jamii ya masizi na lami, baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Zipo metali kidogo kidogo, aseniki ikiwemo. Yapo pia masalia ya nafta, ile wanayoitumia kuilainisha lami baada ya kuoshwa. Vijidudu vya bwawani huila hiyo nafta na kutoa gesi ya methani, ndiyo maana mabwawa mengine yanatoa mapovu kama sufuria ya uji.

Na kuna ujanja mmoja ambao kwa haraka unaonekana ni uungwana. Makampuni yanarudia kutumia maji yale yale, sehemu kubwa sana ya maji yao ni ya kuzungusha. Vizuri, si yanapunguza kuchota mtoni? Kweli. Lakini kila mzunguko maji yanapita tena kwenye mchanga mpya na kuongeza chumvi mpya na sabuni mpya. Ni sawa na kuoshea vyombo maji yale yale kutwa nzima. Umeokoa maji, ila ukifika jioni humwagii mchicha.

Kisheria makampuni hayakuruhusiwa kumwaga maji ya mabwawa mtoni. Sheria ya Uvuvi ya Kanada inakataza kutia vitu vya kudhuru kwenye maji yenye samaki. Ndiyo maana kila kitu kikarundikwa. Lakini kuta zenyewe zimejengwa kwa mchanga wa mgodini, na mchanga unavujisha. Hilo walilijua tangu mwanzo, wakachimba mitaro na visima vya kukinga maji na kuyarudisha bwawani kwa pampu. Swali likabaki: je, wanakinga yote? Na yanayopita yanakwenda wapi?

Walioanza kuuliza hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wavuvi na wazee wa Fort Chipewyan, waliosema samaki wamebadilika, wana vidonda, nyama haina ladha ile, maji ya mto hayanyweki tena kwa kikombe kama zamani. Wakajibiwa kwamba hizo ni hadithi, ushahidi uko wapi? Mwaka 2006 daktari aliyekuwa akihudumia kijiji hicho, John O'Connor, akasema hadharani kwamba anaona saratani za aina adimu kuliko inavyotarajiwa kwa kijiji kidogo hivyo. Kilichofuata ni kwamba mwaka 2007 madaktari wa wizara ya afya ya shirikisho walimshtaki kwenye chombo kinachosimamia madaktari, shutuma mojawapo ikiwa ni kuzusha taharuki. Alisafishwa mwaka 2009. Mwaka huo huo taasisi ya saratani ya Alberta ikatoa hesabu zake: kati ya 1995 na 2006 Fort Chipewyan ilikuwa na saratani 51 kwa watu 47, wakati zilizotarajiwa zilikuwa 39.

Hapa nataka niwe mkweli kwenu, maana historia si mahubiri. Ripoti hiyo haikusema chanzo ni mabwawa. Ile saratani adimu ya mirija ya nyongo ilithibitika kwa wagonjwa wachache kuliko daktari alivyohofia. Na Desemba 2010 jopo la Royal Society of Canada likasema halikuona ushahidi wa kuaminika kwamba sumu za migodi zinawafikia watu wa Fort Chipewyan kwa kiwango cha kuongeza saratani. Lakini jopo hilo hilo lilikosoa upungufu wa usimamizi na upimaji. Sasa wewe jiulize: ukisema hakuna ushahidi, na papo hapo unasema upimaji ulikuwa mbovu, umemwambia nini mama anayechemsha maji kule kijijini? Ni mwaka 2024 tu ndipo serikali ya shirikisho ilipotangaza fedha kwa ajili ya utafiti wa muda mrefu wa afya unaoongozwa na jamii zenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye ile habari ya nani ameshika kipimo. Tangu 1997 upimaji wa mto ulikuwa chini ya mpango ulioitwa RAMP, na fedha zake nyingi zilitoka kwa makampuni ya mafuta. Mwaka hadi mwaka ukitoa jibu la kupoza: kilichomo mtoni ni cha asili, si mnajua lami inachuruzika yenyewe kwenye kingo? Mnakumbuka nilivyowaambia mliweke akilini. Hoja hiyo si ya kijinga. Lami kweli inachuruzika. Shida ni kwamba kabla ya 1967 hakuna aliyepima mto kwa ukamilifu, hivyo hakukuwa na "kabla" ya kulinganisha na "baada".

Wakaingia watu wa kampasi hii tena. David Schindler, profesa wa ikolojia hapa Alberta (alifariki 2021), pamoja na Erin Kelly na wenzao, walitafuta njia ya kulivunja fumbo hilo. Walipima mto juu ya migodi na chini ya migodi. Halafu wakafanya jambo jepesi lenye akili: wakapima theluji. Theluji ya majira ya baridi inaanguka kutoka hewani, haichuruzikiwi na lami ya kwenye kingo. Ukikuta uchafu humo, umetoka juu, na chini ya theluji mto umelala. Walikuta. Eneo la kama kilomita 50 kuzunguka mitambo lilikuwa limepokea masizi na kemikali zake, na theluji ikiyeyuka vyote vinateremka mtoni. Makala yao ya 2009 yalihusu kemikali za jamii ya lami. Yale ya 2010 yalihusu elementi 13 zilizo kwenye orodha ya vichafuzi vya kuangaliwa kwanza ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, na saba kati yake, zikiwemo zebaki, risasi na kadimiamu, zilizidi viwango vya kulinda viumbe wa majini kwenye theluji iliyoyeyushwa au kwenye maji ya karibu na chini ya migodi.

Sijui kama mnaiona picha. Mwaka 1923 chuo hiki hiki kilifundisha dunia namna ya kuosha mchanga. Miaka 80 na ushee baadaye chuo hiki hiki kikaonyesha maji ya kuoshea yamefanya nini. Wakati wote huo katikati, kazi ya kupima ilikuwa imeachiwa watu wenye faida kwenye jibu.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Mapitio ya RAMP yakaukuta hauna uwezo wa kugundua mabadiliko uliopaswa kuyagundua, na mwaka 2012 serikali ya shirikisho na ya jimbo zikatangaza mpango mpya wa pamoja. Mwaka 2013 watafiti wengine wakaja na "kabla" iliyokosekana. Walichimba matope ya chini ya maziwa madogo ya eneo hilo, yanayojipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, wakasoma kwamba zile kemikali zilianza kupanda baada ya migodi kuanza, na kwenye maziwa hayo zimefikia kati ya mara 2.5 na mara 23 ya viwango vya karibu na mwaka 1960. Mwaka 2014 wanasayansi wa serikali ya shirikisho wakalinganisha alama za kemikali, na maji ya chini ya ardhi pembeni ya bwawa yakaonekana kufanana na maji ya bwawani kuliko yale ya asili. Na mwaka 2020 tume ya mazingira ya Amerika Kaskazini, iliyoundwa na Kanada, Marekani na Mexico, ikahitimisha kwamba upo ushahidi halali wa kisayansi wa mabwawa kuvujia kwenye maji ya chini ya ardhi. Wazee wa kijijini walikuwa wamesema hayo kitambo, bila maabara.

Mtauliza, serikali ilikuwa wapi? Ilistuka zaidi kwa ajili ya bata kuliko kwa ajili ya watu. Aprili 2008 kundi la bata lilitua kwenye bwawa la Syncrude wakidhani ni ziwa, wakalowa lami, wakafa 1,606. Picha zikazunguka dunia, kampuni ikatiwa hatiani mwaka 2010 na kulipa dola milioni 3. Mwaka 2009 likatoka Agizo 074 lililoyataka makampuni yaanze kukausha tope kwa viwango na tarehe. Tathmini ya 2013 ikaonyesha hakuna kampuni hata moja iliyofikia lengo. Adhabu? Hakuna. Mwaka 2015 agizo lenyewe likawekwa kando na mfumo mwingine ukaletwa, wenye tarehe za mbali zaidi.

Niwe mwadilifu: juhudi zipo. Wamejaribu jasi, polima za kushikanisha chembe, mashine za kuzungusha tope kwa kasi. Lile bwawa la kwanza la Tar Island lilifukiwa na kupandwa nyasi na miti mwaka 2010, likapewa jina Wapisiw Lookout, kwa heshima ya yule Mcree wa 1719. Ila tope lake la mtindi halikukaushwa lote hapo. Sehemu kubwa ilihamishiwa kwenye mabwawa mengine. Tangu 2012 Syncrude wanajaribu pia kuzika tope kwenye shimo la mgodi uliokwisha, kisha kulifunika na maji masafi ili liwe ziwa. Litakuwa ziwa kweli au bwawa lenye kofia, miaka mingi itahitajika kuamua.

Kama kuna mtu anadhani hii ni historia ya zamani, asikie ya Kearl, mgodi wa Imperial Oil. Mei 2022 maji yenye rangi yalionekana yakichomoza ardhini karibu na eneo la mabwawa. Yalikuwa yamevuja kutoka kwenye topesumu. Jamii za chini ya mto hazikuelezwa ukubwa wa jambo hilo. Miezi tisa ikapita. Februari 2023 bwawa lingine la kukusanyia maji likafurika na kumwaga lita milioni 5.3, na hapo tu, msimamizi wa nishati wa Alberta alipotoa amri yake, ndipo watu wakajua na ile habari ya kwanza. Chifu Allan Adam wa Athabasca Chipewyan alikuja juu, na wala huwezi kumlaumu: katika miezi hiyo yote watu wake waliendelea kuwinda na kuvua kwenye eneo hilo. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, mkuu wa msimamizi naye akaomba radhi mbele ya wabunge. Mwaka 2024 faini ikatoka: dola 50,000. Nyie mnaojua mshahara wa Fort McMurray pigeni hesabu hiyo wenyewe.

Na sasa imefika zamu ya swali lililoahirishwa tangu 1967. Maji yamezidi, kuta haziwezi kuinuliwa milele, na tangu 2021 serikali ya shirikisho imekuwa ikiandaa kanuni ambazo zingeruhusu maji hayo kusafishwa na kuachiwa mtoni. Wapo wanaosema kuyashikilia ni hatari zaidi, kwani ukuta ukipasuka je? Wapo wa kule kijijini wanaosema msitufanye sisi kuwa mtaro wenu. Wote wana hoja, na ndiyo ubaya wa deni lililolala muda mrefu: siku ya kulilipa hakuna njia isiyouma.

Mtasema, Kanada hiyo, sisi inatuhusu nini? Uzi upo. Total ya Ufaransa ilikuwa na hisa kwenye mgodi wa Fort Hills, pembeni ya Athabasca, mpaka ilipouza mwaka 2023. Kampuni hiyo hiyo ndiyo mwenye hisa kubwa kwenye bomba la kutoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Uganda hayaoshwi kwa kostiki, hivyo hatutarajii mabwawa ya mtindi kando ya Ziwa Albert, na sitaki kumtisha mtu. Ninachokichukua mimi kutoka Athabasca ni kimoja: pima maji kabla, mpe kipimo mtu asiyelipwa na mgodi, na anayekunywa maji hayo awe wa kwanza kusoma majibu. Ukikosa hiyo "kabla", utabishana miaka 40 kama uchafu ni wa Mungu au wa mtu.

Kwa ndugu zangu wawili mlioniandikia: Fort McMurray kazi zipo, na hela ni halali ya jasho lenu, siwezi kumzuia mtu. Mkienda, siku ya mapumziko ulizeni mto unaelekea upande gani, halafu ulizeni nani anakaa huko. Mwenye la kuongeza au la kunipinga aandike hapo chini, nitasoma yote baada ya mitihani.

Tuko pamoja.